Vitufe vya Namba: Kwa Nini Simu na Kikokotoo Havifanani

Katika ofisi ya chama cha msingi, hasa wakati wa msimu wa ununuzi, vipo vyombo viwili ambavyo haviachani na mkono wa katibu tangu asubuhi hadi magharibi: kikokotoo na simu. Cha kwanza hujumlisha kilo na kuzizidisha kwa bei. Cha pili hupeleka malipo kwa mwanachama na kuleta habari kutoka chama kikuu. Vyote viwili vina vitufe kumi vya namba, na katika vyote viwili vitufe tisa vimepangwa katika mistari mitatu ya vitufe vitatu vitatu, na sifuri imewekwa chini yake. Hata hivyo mpango wenyewe umepinduliwa. Mstari wa juu wa kikokotoo una 7, 8 na 9, na mstari wa chini una 1, 2 na 3. Simu ina 1, 2 na 3 juu, na 7, 8 na 9 chini. Ni 4, 5 na 6 tu ambazo hubaki mahali pamoja katika vyombo vyote.

Watumiaji wengi hawajapata kuliona jambo hili, maadamu jicho hukiona kitufe na kidole hukifuata. Taabu huanza pale mkono unapozoea kazi na jicho likaacha kuuangalia. Karani aliyeshinda siku tatu akijumlisha stakabadhi, siku ya nne anashika simu na kuingiza namba za wanachama mia moja. Mkono wake bado uko kwenye kikokotoo. Wala si lazima vyombo viwe viwili. Katika simu nyingi za siku hizi, ukurasa wa kupigia una 1 juu, na kikokotoo kilichomo ndani ya simu hiyo hiyo kina 7 juu. Mtu huhama kutoka mpango mmoja hadi mwingine kwa kugusa kioo mara moja, wala hapana onyo lolote.

Hitilafu hii haikutokana na uzembe wa watengenezaji, wala si kwamba kiwanda kimoja kilitaka kujitofautisha na kingine. Mipango hii miwili ilizaliwa katika kazi mbili tofauti, kila mmoja kwa sababu zake, na ilipokuja kukutana juu ya meza moja ilikuwa imekwisha zoeleka mno hata hapakuwa na upande uliokuwa tayari kuuacha mpango wake.

MASHINE ZA KUJUMLISHA

Mpango wa kikokotoo ndio wenye umri mkubwa zaidi. Asili yake ni mashine za kujumlisha zilizotengenezwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Kijana mmoja wa Chicago, Dorr E. Felt, alitengeneza kielelezo cha kwanza cha mashine yake katika miaka ya 1884 na 1885 kwa kutumia sanduku la mbao la tambi, vijiti vya kuchomea nyama na mipira ya kufungia. Mwaka 1887 alipata hataza, na mashine hiyo ikaitwa Comptometer. Karibu wakati huo huo William Seward Burroughs, aliyewahi kuwa karani wa benki, alikuwa akitengeneza katika mji wa St. Louis mashine ya mpini iliyoandika hesabu juu ya karatasi. Yeye alipata hataza zake mwaka 1888.

Mashine za namna hiyo hazikuwa na vitufe kumi. Zilikuwa na safu nyingi: safu ya mamoja, safu ya makumi, safu ya mamia, na kuendelea. Kila safu ilikuwa na vitufe tisa, 1 ikiwa chini karibu na mtumiaji na 9 ikiwa juu mbali naye. Mashine yenye safu nane ilikuwa na vitufe 72. Sifuri haikuhitaji kitufe, kwa sababu safu isiyoguswa ilikuwa ndiyo sifuri yenyewe.

Kwa nini 1 iwe chini? Yafaa kukumbuka kwamba ndani ya mashine hizo tarakimu ilikuwa kipimo cha mwendo. Kitufe cha 1 kilisogeza gurudumu hatua moja, na cha 9 kilisogeza hatua tisa. Namba zilipanda kutoka chini kwenda juu kama zinavyopanda alama za maji katika pipa. Kadhalika, tarakimu ndogo zilizokuwa karibu na mkono zilikuwa na manufaa yake. Waendeshaji hodari wa Comptometer walifundishwa kutumia vitufe vya 1 hadi 5 tu, bila kuunyoosha mkono hadi juu: aliyetaka 8 aligonga 4 mara mbili, na aliyetaka 9 aligonga 5 kisha 4. Isitoshe, tarakimu ndogo hutokea mara nyingi zaidi mwanzoni mwa namba za biashara. Mwaka 1938 Mmarekani Frank Benford alionyesha kwamba katika orodha nyingi za namba za kawaida, karibu asilimia 30 huanza na 1, na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Katibu mwenye shaka na achukue kitabu cha ununuzi cha msimu uliopita ahesabu mwenyewe.

Vitufe 72 vilikuwa vingi, na mashine zilikuwa nzito na ghali. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitokea mashine ya Dalton, yenye vitufe kumi tu vilivyopangwa katika mistari miwili. Kisha, karibu na mwaka 1914, David Sundstrand wa Rockford katika jimbo la Illinois alivipanga vitufe tisa katika mistari mitatu na sifuri chini. Alidumisha mwelekeo wa mashine za zamani: ndogo chini, kubwa juu. Faida kubwa ya mpango wake ni kwamba vidole vitatu vya mkono wa kulia viliweza kutulia juu ya 4, 5 na 6, vikapanda mstari mmoja au kushuka mstari mmoja, na karani akaweza kuingiza namba huku macho yake yako kwenye karatasi. Ndivyo wafanyavyo hadi leo makarani waliozoea.

Mambo yaliyofuata ni mepesi kueleza. Kikokotoo cha kielektroniki cha Uingereza kilichoitwa ANITA, kilichotolewa mwaka 1961, bado kilikuwa na safu nyingi za vitufe kama mashine za Felt. Lakini vilivyokuja baadaye vilichukua vitufe kumi, na vikokotoo vya mfukoni vya miaka ya 1970 vikaupeleka mpango wa 7-8-9 kila mahali duniani. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliweka vitufe hivyo hivyo upande wa kulia wa kibodi, na mashine za risiti za madukani aghalabu hufuata njia hiyo.

SIMU ILIKUWA NA NJIA YAKE

Simu haikutoka katika chumba cha mahesabu. Wazee waliotumia simu za mezani za kuzungusha watakumbuka gurudumu lenye matundu kumi. Mpigaji alitia kidole katika tundu la namba, akazungusha mpaka kwenye kizuizi, akaachia. Gurudumu lilipokuwa likirudi lilikata umeme mara kadhaa, na mtambo wa kuunganishia simu ukahesabu mipigo hiyo. Namba 1 ilikuwa mpigo mmoja, 2 mipigo miwili, hadi 9. Mipigo sifuri haiwezi kusikika, kwa hiyo sifuri ilipewa mipigo kumi, ikakaa mwisho baada ya 9. Hapo ndipo inapoonekana kwamba katika simu sifuri haikuwa tupu kama ilivyo katika hesabu. Ilikuwa ya kumi.

Wala si nchi zote zilizofuata mpango huo wa gurudumu. Nyuzilandi iliupindua, ikawa tundu la 1 hutoa mipigo tisa na tundu la 9 hutoa mpigo mmoja. Ndiyo sababu namba ya dharura ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1937, ilikuwa 999, na ile ya Nyuzilandi, iliyoanza mwaka 1958, ikawa 111: kwa mtambo, zote mbili zilikuwa mipigo tisa mara tatu.

Kampuni ya simu ya Bell ya Marekani ilipotaka kuliondoa gurudumu na kuweka vitufe, ilikuwa na nafasi ya kuchagua upya. Maabara zake zilikuwa na kikundi cha wataalamu waliochunguza jinsi binadamu anavyotumia vyombo, kilichoongozwa na John E. Karlin, mwanasaikolojia aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1918. Lilikuwa jambo geni siku hizo kwamba kampuni ya simu iajiri mwanasaikolojia, tena si kwa ajili ya kuwatuliza wafanyakazi, bali kwa ajili ya kuchunguza vidole vya wateja.

Mwaka 1955 watafiti wawili, Mary Champion Lutz na Alphonse Chapanis, walichapisha uchunguzi wa namna rahisi kabisa. Waliwapa watu michoro ya vitufe visivyo na namba, wakawataka waandike kila tarakimu mahali walipotazamia kuikuta. Wengi waliandika kama wanavyosoma: kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mstari unaofuata chini yake. Yaani 1, 2, 3 juu.

Baadaye R. L. Deininger wa maabara za Bell aliwapa watu vitufe halisi na kupima muda walioutumia na makosa waliyofanya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960. Alijaribu mipango zaidi ya kumi: vitufe katika duara kama gurudumu la zamani, vitufe katika mistari miwili ya vitano vitano, vitufe kama vya mashine ya kujumlisha, na mingineyo. Jambo ambalo husahauliwa na wengi wanaosimulia habari hii ni kwamba tofauti kati ya mipango iliyo bora zilikuwa ndogo. Hakuna mpango mmoja ulioishinda mingine kwa mbali. Uliochaguliwa ni ule wa mistari mitatu wenye 1 juu, kwa kuwa ulikuwa wa haraka vya kutosha, watu waliupenda, nao ulienea vizuri katika nafasi ndogo iliyokuwapo juu ya simu.

Ilikuwapo sababu nyingine isiyotajwa sana. Magurudumu ya simu za Marekani yalikuwa na herufi pamoja na namba, kwa kuwa vituo vya simu vilitajwa kwa majina na mteja alizungusha herufi za mwanzo za jina la kituo. Herufi A, B na C zilikuwa kwenye 2, D, E na F kwenye 3, na kuendelea. Kwa mpango wa 1 juu, alfabeti husomeka kwa utaratibu wake kutoka juu hadi chini. Kwa mpango wa 7 juu, alfabeti ingeanzia chini na kuishia juu, jambo ambalo lingemchosha mtu yeyote anayetafuta herufi.

Simu za vitufe zilianza kutumiwa na wateja tarehe 18 Novemba 1963 katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Zilikuwa na vitufe kumi. Nyota na alama ya reli viliongezwa mwaka 1968, kila upande wa sifuri. Kila kitufe kilitoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa mstari wake na mmoja wa safu yake, na mtambo ukaitambua tarakimu kwa milio hiyo.

Hapa yafaa kutaja hadithi inayopendwa sana. Husemwa kwamba kampuni ya simu iliupindua mpango makusudi, ili makarani waliozoea mashine za kujumlisha wasiweze kugonga upesi kupita uwezo wa mtambo. Hadithi hii ni tamu lakini haina mizizi. Uchunguzi uliochapishwa wakati huo unazungumzia watu wa kawaida, matarajio yao na makosa yao. Idadi ya makarani wenye mashine za vitufe kumi ilikuwa ndogo ikilinganishwa na wateja wa simu, na ni vigumu kuamini kwamba taifa zima lingepangiwa vitufe kwa ajili ya kuwazuia hao wachache.

Swali linalobaki ni kama mpango mmoja ni bora kuliko mwingine. Mwaka 1968 Waingereza R. Conrad na A. J. Hull waliilinganisha mipango yote miwili kwa watu wasio na mazoea ya mashine. Waliotumia mpango wa simu walikosea katika asilimia 6.4 ya namba walizoingiza. Waliotumia mpango wa kikokotoo walikosea katika asilimia 8.2. Kwa mtu anayeanza, basi, simu ina nafuu kidogo. Kwa karani wa miaka kumi hesabu hiyo haina maana kubwa, kwa sababu mkono wake umekwisha kujifunza, na kumbadilishia ni kumrudisha darasa la kwanza. Viwanda vililijua hilo. Kikokotoo chenye 1 juu kingekuwa bidhaa isiyonunuliwa na yeyote aliyejifunza kazi kwa kingine.

Tena yafaa ionekane kwamba namba za simu na namba za hesabu ni vitu viwili tofauti, ijapokuwa huandikwa kwa tarakimu zile zile. Kilo 137 ni kiasi: yaweza kujumlishwa, kugawanywa, kulinganishwa na kilo 140. Namba ya simu ni jina. Haijumlishwi na nyingine, wala mwenye namba kubwa hana zaidi ya mwenye namba ndogo. Kwa chama tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu kosa katika kiasi huacha alama katika hesabu, na kosa katika jina haliachi alama yoyote.

KOSA LINALOONEKANA KATIKA VITABU

Mkono unapofuata mpango usio wa chombo kilichopo, makosa yake si ya ovyo. Hufuata kanuni. 1 hugeuka 7, na 7 hugeuka 1. 2 na 8 hubadilishana. 3 na 9 hubadilishana. 4, 5 na 6 husalimika. Ikitazamwa vizuri, kila badiliko huongeza au hupunguza 6 kamili: 7 kutoa 1 ni 6, 8 kutoa 2 ni 6, 9 kutoa 3 ni 6. Ikiwa tarakimu iliyogeuka iko kwenye makumi, tofauti ni 60. Ikiwa kwenye mamia, ni 600. Kwa hiyo tofauti yoyote iliyoletwa na kosa la namna hii hugawanyika kwa 6 bila kubaki kitu, hata kama tarakimu zilizogeuka ni nyingi. Kilo 412 zikiingizwa kwa mpango uliopinduliwa huwa 478: tofauti ni 66. Kilo 137 huwa 791: tofauti ni 654, ambayo ni 6 mara 109.

Chukuliwe mfano wa siku moja ya ununuzi. Jumla ya kilo katika stakabadhi za karani wa mizani ni 1,873. Jumla iliyopatikana kwenye kikokotoo ilipokuwa ikiingizwa katika kitabu cha ununuzi ni 1,933. Tofauti ni 60. Katibu asiyejua kanuni hii atazipitia stakabadhi zote upya, mojamoja, na pengine ataudhika na kuandika kiasi hicho kama mapunjo ya mizani. Katibu anayeijua atatafuta kwanza stakabadhi yenye 1, 2 au 3 katika nafasi ya makumi, alinganishe na kitabu aone kama imeandikwa 7, 8 au 9. Huenda akaipata kabla chai haijapoa. Jumla ya kitabu ingekuwa pungufu kwa 60, angetafuta kinyume chake: stakabadhi yenye 7, 8 au 9 ambayo kitabu kimeipa 1, 2 au 3.

Kosa likionekana katika shilingi na si katika kilo, sharti kwanza tofauti igawanywe kwa bei ya kilo moja. Bei ikiwa shilingi 700 na tofauti ikiwa shilingi 42,000, hizo ni kilo 60, na msako ni ule ule.

Watunza vitabu wana kanuni nyingine ya zamani, nayo isichanganywe na hii. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana mahali, kwa mfano 45 ikaandikwa 54, tofauti hugawanyika kwa 9. Hilo ni kosa la jicho au la kalamu. Vivyo hivyo sifuri ikizidi au ikipungua mwishoni, 50 ikawa 500 au 5, tofauti hugawanyika kwa 9: 450 na 45. Na hapa simu na kikokotoo vinakutana tena, kwa kuwa hata sifuri haziko mahali pamoja. Katika simu sifuri iko katikati, chini ya 8. Katika vikokotoo vingi vya mezani iko kushoto, chini ya 1, na katikati pana kitufe cha sifuri mbili au cha nukta. Mkono wa simu ukitafuta sifuri ya 50 juu ya kikokotoo cha namna hiyo unaweza kuleta 500 au kubaki na 5.

Ipo pia jozi ya ajabu ambayo humchanganya hata mkaguzi. Namba 17, 28 na 39 zikiingizwa kwa mpango uliopinduliwa huwa 71, 82 na 93. Tofauti ni 54, ambayo hugawanyika kwa 6 na kwa 9 pia. Haiwezekani kujua kwa hesabu peke yake kama karani alipindua mstari au alipindua tarakimu. Hakuna neno, sehemu ya kutafuta ni ile ile.

Isidhaniwe lakini kwamba kila tofauti inayogawanyika kwa 6 imetokana na vitufe. Katika kila tofauti sita, moja itagawanyika kwa 6 kwa bahati tu. Dalili yenye nguvu ni 6 yenye sifuri nyuma yake: 6, 60, 600, 6,000. Tofauti ya 60 ni dalili nzuri. Tofauti ya 1,134 ni dalili dhaifu ijapokuwa nayo hugawanyika kwa 6. Na kosa la vitufe haliondoi uwezekano wa wizi. Hulipa tu kosa jina lake, ili mweka hazina asishukiwe kwa jambo lililofanywa na kidole, na ili aliyeiba asijifiche nyuma ya kidole.

Njia iliyo salama kuliko zote inajulikana na kila mkaguzi: jumla ifanywe mara mbili, mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini na mara ya pili kutoka chini kwenda juu, ikiwezekana na watu wawili. Lakini kama mtu mmoja atajumlisha mara ya kwanza kwa kikokotoo cha mezani na mara ya pili kwa kikokotoo cha simu, hana hofu ya vitufe. Vyote viwili vina 7 juu. Hofu iko anapotoka katika kupiga namba za simu, au katika mashine ya benki ya kutolea fedha, ambayo kwa kawaida hufuata mpango wa simu, akaja moja kwa moja kwenye kikokotoo.

KOSA LISILOONEKANA

Malipo kwa njia ya simu yalianza kuenea Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Tanzania. Vyama vingi sasa huwalipa wanachama wao kwa njia hiyo, na kazi ya kuingiza orodha ya namba za simu humwangukia katibu au karani wake. Hapo kanuni ya 6 haisaidii kitu. Namba za simu hazijumlishwi, kwa hiyo hakuna jumla ya kulinganisha nayo. Fedha zikienda kwa namba isiyo sahihi, vitabu vya chama hulingana kabisa: kiasi kilichotoka ndicho kilichoandikwa. Atakayegundua ni mwanachama, atakapofika ofisini wiki mbili baadaye akiuliza mazao yake yamekwenda wapi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba namba iliyogeuka mara nyingi huwa namba ya mtu. Zamani namba ya Kenya iliyoanza na 07 ikigeuzwa 01 isingeonekana kuwa ya simu ya mkononi. Sasa namba za mkononi zinazoanza na 01 zipo, na mtandao utaikubali. Kwa orodha inayoingizwa katika kompyuta hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu karani hutumia vitufe vya kulia vya kibodi, vyenye 7 juu, kuandika namba ambazo kichwani mwake amezizoea kwa mpango wa simu.

Mitandao huonyesha jina la mpokeaji kabla ya mlipaji kuthibitisha, na hapo ndipo mahali pa kusimama. Jina hilo lisomwe na kulinganishwa na daftari la wanachama, si kutazamwa tu. Katika orodha ndefu, kazi huenda upesi watu wawili wakishirikiana: mmoja asome kutoka kwenye daftari, tarakimu mbilimbili au tatutatu, na mwingine asome kutoka kwenye kioo kile kilichoandikwa, si kile alichokusudia kuandika. Mwanachama mpya anapoandikishwa, simu yake na ipigwe papo hapo mbele yake. Ikilia mfukoni mwake, namba ni sahihi.

Wengine hudhani kwamba nundu ndogo iliyo juu ya kitufe cha 5 imewekwa ili kumwonyesha mtumiaji mpango uliopo. Nundu hiyo ni ya manufaa makubwa, hasa kwa wasioona na kwa wanaofanya kazi bila kutazama, kwa kuwa huwaonyesha katikati. Lakini 5 iko katikati katika mipango yote miwili. Anayetaka kujua yuko kwenye mpango gani hana budi kugonga kitufe cha pembeni, juu kushoto, na kutazama kama kioo kimeleta 1 au 7.